Makosa ya Saizi ya Kati

Siku Kimya alipomwona Shazia kwa mara ya kwanza, Shazia alikuwa ameinamia cherehani, uzi mweusi ukining'inia mdomoni kama sharubu za mzee. Kimya alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amemaliza darasa la saba wiki tatu nyuma, na sasa alisimama kwenye mlango wa kiwanda cha viatu, mkono mmoja sanduku la mbao, mkono wa pili karatasi yenye muhuri iliyosema amepangiwa sehemu ya kushona, bweni namba mbili. Hakuwa ameomba viatu. Hakuwa ameomba chochote. Mtoto akimaliza darasa la saba alipangiwa kazi na kitanda kwa pamoja, na wazazi wakaambiwa hongera.

Alisubiri mtu amwone. Cherehani ishirini na nne zilikuwa zinaunguruma kwa pamoja, na harufu ya gundi ilimpanda puani hadi machozi yakamlengalenga. Yule msichana wa cherehani ya karibu na mlango hakuinua uso. Alimtazama miguu, akautoa uzi mdomoni, akamuuliza anavaa saizi gani. Kimya akasema arobaini.

"Hiyo ya viatu," alisema msichana. "Mimi nimeuliza ya miguu."

Kimya alitamani ardhi ipasuke. Viatu vilikuwa vya kaka yake, ambaye alipelekwa kuchimba mfereji na kupewa mabuti huko huko, na mama yake alikuwa amejaza magazeti kwenye ncha ili visimtoke. Tangu nyumbani mpaka pale alikuwa amejitahidi kutembea kama mtu mwenye miguu ya arobaini.

"Thelathini na saba," msichana alijijibu mwenyewe. "Thelathini na nane ukijumlisha na gazeti. Pita, msimamizi yuko nyuma ya marobota ya ngozi, anajifanya ana kazi."

Shazia halikuwa jina lake la nyumbani. Shazia ni ile sindano nene ya kushonea ngozi nzito, isiyopinda, na yeye alikuwa mrefu, mwembamba, mgongo wima hata akiwa amechoka. Alimzidi Kimya mwaka mmoja. Majina ya nyumbani yalibaki kwenye makaratasi. Kimya naye alipata lake siku ya pili tu, baada ya kuulizwa maswali matatu na kujibu moja. Aliyembatiza alikuwa Gunia, mvulana mnene wa kukata soli, aliyelala kitanda cha juu yake na ambaye kila alipojigeuza chaga zote zililalamika.

Wakati huo Mapinduzi yalikuwa na umri wa miaka sitini, kwa hiyo bwenini hapakuwa na mtu aliyeyajua maisha mengine, wala mzazi wa mtu. Habari za duka la mtu binafsi walizisikia kwa mabibi, na mabibi wenyewe walizisimulia kwa sauti ya chini huku wakitazama dirisha. Katikati ya mji palikuwa na sanamu ya saruji ya mtu mwenye tumbo kubwa na kofia, amefumbata mfuko kifuani. Iliitwa Tajiri wa Mwisho. Watoto wa shule walipelekwa pale kila mwaka kumzomea, na Kimya alikuwa amemzomea mara saba bila kujua hasa alichokosa. Gunia aliwahi kuuliza kama matajiri walizaliwa na lile tumbo au walipewa ukubwani. Mwalimu wake alimjibu kwamba swali hilo litafundishwa darasa la mbele, na darasa la mbele halikufika.

Jumapili moja ya mwaka ule wa kwanza, vijana watatu wa bweni namba mbili walitumwa kwenda kuiosha ile sanamu. Kimya alibeba ndoo, Gunia alibeba ufagio na njaa yake. Shazia alisugua magoti ya Tajiri, akashuka kwenye viatu vyake, kisha akatulia na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Huyu ana miguu miwili ya kushoto," alisema.

Wawili wakasogea. Kweli kabisa. Mkunjo wa soli zote mbili ulielekea upande mmoja. Miaka yote mji mzima umemzomea mtu yule usoni, na hapakuwa na aliyemtazama miguu. Gunia alicheka mpaka akakaa kwenye maji machafu. Shazia hakucheka. Alisema maskini, huyu hata angetaka kukimbia angezunguka palepale. Kisha, kana kwamba neno hilo la maskini limemtoka kabla hajalipima, aliwatazama mmoja mmoja na kuwaambia hilo lisifike bwenini. Halikufika.

Kilichomsumbua Kimya kuliko gundi, kuliko cherehani iliyomchoma kidole wiki ya kwanza, kilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi saa kumi jioni, mashine zikishazimwa, vijana kumi na wawili wa bweni lile walikaa kwenye mabenchi ya chumba cha kulia, wasichana upande wa dirisha, wavulana upande wa jiko, na kila mmoja alisimama kwa zamu akataja kosa lake la wiki hiyo. Kiliitwa kikao cha kujirudi. Mama Mlezi, ambaye aliwaangalia tangu kuamka mpaka kulala, alikaa mbele yao na soksi zao mapajani akizitia viraka, maana hakupenda mikono ikae bure. Hakuwa mtu mbaya. Alijua nani anakohoa na nani amepokea barua ya huzuni. Lakini kikao alikiamini kama mwingine anavyoamini dawa.

Masharti yalikuwa machache, na yote yalimchanganya. Mtu asiseme hana kosa. Asiye na kosa ni aliyelificha. Asirudie kosa lile lile ndani ya miezi mitatu. Akitaja dogo mno, anafanya mzaha. Akitaja kubwa mno, anaitwa ofisini, na wapo walioitwa ofisini wakarudi kuchukua sanduku tu.

Ijumaa yake ya kwanza Kimya alishona vipande vinne ndani nje kwa sababu ya kuwaza. Shazia aliviona, akavifumua bila kusema, kisha akamuuliza kama ana kosa la kesho. Kimya akasema hana.

"Neno hilo usilitamke tena," alisema Shazia. "Sema ulikula mkate wako harakaharaka ili uwahi kuomba wa pili kabla ya wenzako."

"Lakini sikupewa wa pili."

"Ndiyo maana ni la kati. Ungepewa lingekuwa kubwa."

Ndivyo alivyokuja kujua kwamba karibu makosa yote ya bweni namba mbili yalishonwa kwenye cherehani ile ya karibu na mlango. Wenzake walipita pale Alhamisi na Ijumaa wakijifanya wameleta nyuzi, na Shazia, bila kuacha kukanyaga mashine, alimpa kila mmoja la kwake. Alikumbuka nani alitaja nini na lini. Aliwaambia kosa ni kama kiatu, likibana utachechemea, likipwaya litakutoka mguuni mbele za watu. Gunia alipolalamika kwamba yeye anayo ya kutosha ya kwake mwenyewe, Shazia alimwambia yake yote ni ya chakula na ameshayamaliza mpaka mwezi wa tisa. Gunia akapewa kosa la kuimba wakati wengine wanapumzika. Alilipenda sana, akaanza kuimba kweli.

Na hapo ndipo kichwa cha Kimya kilipoanza kuzunguka, maana si Gunia peke yake. Wiki moja Shazia alimpa aseme ameonea wivu koti jipya la mwenzake. Kimya hakuwa ameliangalia koti la mtu. Alisimama, akasema, Mama Mlezi akatikisa kichwa kwa upole, na tangu Jumatatu yake Kimya hakuweza kumtazama yule mwenzake bila kuona vifungo vinne vya koti. Wiki nyingine alitaja kwamba amemchukia msimamizi kwa siku mbili. Alikuwa hana shida na msimamizi. Baada ya kikao alimwona jinsi anavyopuliza chai, na moyo wake ukajaa chuki ambayo haikwisha mpaka mvua zilipoanza. Alijiuliza kama Shazia huyatunga makosa au huyaona yakiwa bado njiani. Alijiuliza pia kama yeye Kimya alikuwa na kitu chochote cha kwake ndani, au alikuwa kama kiatu kinachosubiri mguu.

Jumapili moja kwa mwezi aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mama yake alikuwa mfua nguo wa hospitali, mikono imebabuka kwa sabuni, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile kila mara, umetaja nini. Kimya alimwambia la wivu. Mama akaacha kuchambua mchele.

"Wivu? Wewe? Mwanangu, tangu lini?"

Kimya hakuweza kumwambia ni la kutunga, kwa sababu kutunga kosa lilikuwa kosa lisilo na saizi, na kwa sababu wakati huo lilikuwa limeshakuwa kweli. Shangazi yake aliyekuwa anasukwa nywele pale mlangoni alisema wivu amerithi kwa upande wa baba. Baba, fundi wa mashine ya maji, alisema kutoka chumbani kwamba upande wake hauna hata koti. Wakacheka wote, ila mama, ambaye alimsindikiza mpaka njiani akimsihi awe mtoto mwema, na Kimya akamwahidi bila kujua anaahidi kuacha nini.

Mwaka wa pili, mwezi ambao walishona viatu vya wanajeshi na hapakuwa na muda wa kupumua, alifika Ijumaa mikono mitupu kama kawaida. Shazia alikanyaga cherehani muda mrefu kuliko siku nyingine. Kisha akamwambia, akiwa ameangalia sindano, aseme wiki hii amekuwa akimfikiria msichana saa za kazi.

Kimya alidhani hakusikia vizuri kwa sababu ya mashine. Alisikia vizuri. Kesho yake alisimama, akalisema, na chumba kizima kikaangua kicheko, na masikio yake yakawaka moto. Mama Mlezi alisubiri wanyamaze. Mtu mmoja upande wa jiko aliuliza msichana gani. Mama Mlezi alimwokoa. Alisema kosa ni la aliyefikiria, si la aliyefikiriwa, akavuta uzi wa soksi akamwita anayefuata. Asubuhi yake kwenye bomba Gunia alimsogelea na mswaki mdomoni, akamwambia kama ni mpishi aseme mapema, ili wakae karibu na sufuria.

Je, Shazia alikuwa anamtania? Au alikuwa ameona kitu? Na kama ameona, aliona nini, kwa kuwa Kimya mwenyewe hakuwa amekiona? Alichojua ni kwamba kuanzia Jumatatu ile alikuwa anamfikiria msichana saa za kazi, na msichana huyo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, amebana uzi mdomoni, anamwomba nta. Alimpa nta. Hakuuliza. Alisubiri liishe kama chuki ya msimamizi ilivyoisha, na mvua zikaja, zikaenda, nalo halikuisha.

Mwaka wa tatu Shazia alikaribia miaka kumi na minane. Kwa utaratibu wao, kijana wa bweni akifika hapo hupangiwa upya, na mara nyingi hupelekwa mbali, kokote penye upungufu. Njia ya uhakika ya kubaki ilikuwa moja, chumba cha michoro. Kilikuwa ghorofani, na meza nne na madirisha makubwa, na humo walichora viatu vya mwaka unaofuata kabla havijawa viatu. Mzee wa Michoro alikuwa anastaafu. Alikuwa ameona karatasi za kukatia ambazo Shazia alizichora pembeni, visigino, vidole, miguu ya kila mtu wa bweni, akasema hadharani kwamba kiti chake akipewe msichana huyu. Aliyeingia chumba cha michoro aliruhusiwa kulala kwao. Na kwao Shazia palikuwa na baba kinyozi aliyefiwa na mke, na wadogo zake wawili mapacha waliofika Jumapili getini wakiwa wamechana nywele vibaya, mmoja njia kushoto, mwingine njia kulia. Shazia aliwachana upya palepale, kwa kitana alichokificha soksini. Alikuwa amewaahidi kwamba mwaka haugeuki kabla hajarudi kulala nao.

Kabla ya kupewa nafasi ilibidi apepetwe. Kupepetwa kulikuwa kikao cha kujirudi kilichogeuzwa, yaani mwenye kupewa nafasi anakaa katikati, na wenzake wote wanasimama kwa zamu kutaja kosa lake moja moja. Mabweni yote yalijua hatari yake iko wapi. Makosa ya kawaida hayamwangushi mtu. Kinachomwangusha ni mwenzake kusema hajaona kosa, maana hapo ama hawamjui ama wanamficha, na anayefichwa hapewi nafasi.

Kwa hiyo wiki ile Shazia alishona makosa yake mwenyewe, kumi na moja, akayagawa. Mmoja aseme huamka kwa uvivu. Mwingine aseme hupenda kusahihisha watu. Gunia aseme hula polepole mno, na Gunia akasema hilo kwake ni kosa kubwa kweli. Wote walicheka, na Shazia mwenyewe alikuwa na furaha ambayo Kimya hakuwahi kuiona, alikanyaga cherehani kama anapanda ngazi. Wa mwisho kupewa alikuwa Kimya.

"Wewe sema nasahau watu upesi," alimwambia. "Mtu akiondoka machoni kwangu, basi. Ni la kati, na haliwezi kuthibitishwa."

Kimya alitikisa kichwa kukubali. Alirudi kwenye mashine yake na hakuona tena alichokuwa anashona.

Nasahau watu upesi. Kwa siku mbili alilizungusha kichwani. Shazia angefika ghorofani, kwenye madirisha makubwa, na kulala kwao, na wao wa bwenini wangekuwa wametoka machoni. Kila kosa alilotunga Shazia lilikuwa limegeuka kweli baada ya kutamkwa, koti, chuki, nyimbo za Gunia, na lile jingine. Hakuna aliyemwambia hivyo, ni yeye mwenyewe aliyeyaona yakitokea, miaka mitatu. Sasa alitakiwa asimame mbele za watu na kulitamka hili kwa mdomo wake mwenyewe. Alijaribu kujiambia ni maneno tu. Alijaribu kutafuta jingine la kubadilisha, la kuchelewa, la kelele, na kila alilolishika aliona linamganda Shazia usoni. Jumamosi ilifika akiwa bado njia panda.

Shazia alikaa katikati kwenye kiti, mikono mapajani. Mama Mlezi hakuwa na soksi siku hiyo. Pembeni yake alikaa bwana mmoja kutoka ofisini mwenye kalamu. Kumi wakasimama, wakasema, wakakaa. Yote yalikuwa ya kati. Bwana wa ofisini aliandika akipiga miayo. Zamu ikafika kwa Kimya.

Alisimama. Alimwona Shazia akimtazama kwa utulivu, kama mtu anayesubiri mlango anaoujua ufunguliwe.

"Hana kosa," alisema Kimya.

Gunia alikohoa kwa nguvu. Mama Mlezi alimtaka arudie, na kwa sauti yake ilionekana anamwombea arudie vingine. Kimya alisema hajaona kosa. Akaulizwa, miaka mitatu? Akajibu miaka mitatu. Bwana wa ofisini akaacha kupiga miayo. Alisema ni ajabu, kumi wameona na huyu aliyekaa naye bega kwa bega hajaona, basi ama hawa kumi macho yao mabovu, ama huyu amekatazwa kusema. Akamuuliza Kimya nani amemkataza, akamwambia kwamba kuficha kosa la mwenzake ni kosa ambalo adhabu yake anaijua. Kimya alitaka kusema lile la kusahau, wakati ule alikuwa tayari kulisema hata mara kumi, lakini ulimi ulikuwa mzito kama soli iliyolowa. Gunia alimkonyeza, akamkanyaga mguu, akatikisa kichwa.

Shazia akainuka kwenye kiti.

"Mimi ndiye niliyemkataza," alisema.

Kimya alisema si kweli. Ila sauti aliisikia mwenyewe tu. Bwana wa ofisini alimuuliza Shazia alimkataza asiseme kosa lipi. Na hapo Kimya alimwona akiinamisha kichwa upande kidogo, vile alivyofanya kila Ijumaa akichagua saizi ya mtu. Haikumchukua muda.

"Nilisema Tajiri wa Mwisho ana miguu miwili ya kushoto."

Kalamu ilisimama. Mtu fulani upande wa dirisha aliguna. Mama Mlezi alifumba macho. Sanamu ile ilisimamishwa na mkubwa ambaye picha yake ilitundikwa juu ya jiko, na kumtazama Tajiri miguu badala ya kumzomea lilikuwa jambo ambalo hata halikuwa na jina. Bwana wa ofisini alimuuliza kama aliongeza lolote. Shazia akasema aliongeza neno maskini.

Kiti cha Mzee wa Michoro alipewa kijana wa bweni namba tano. Shazia alipangiwa kiwanda cha kulainisha ngozi, safari ya siku mbili, kwenye mashimo ya chokaa. Kimya hakuguswa. Aliyekatazwa hana kosa, alisema bwana wa ofisini. Mama Mlezi alimwita kando Jumapili, akamuuliza kama kweli hakuona kosa hata moja kwa msichana yule. Kimya akasema ndiyo, kweli. Mama Mlezi alimrekebisha kola ya shati, akaondoka bila kumwambia kama hilo ni jema au baya. Mapacha walifika getini siku hiyo, nywele zao hivyo hivyo, na kinyozi alikuwa nao, kofia mkononi.

Jumatatu asubuhi lori la kukusanya ngozi lilisimama uani. Kimya alitoka na ndoo ya vipande vya kutupa, ambayo haikuwa na kipande hata kimoja ndani. Shazia alikuwa ameshapanda, amekaa juu ya sanduku lake, mgongo wima. Kimya alianza kusema kwamba hakutaka, kwamba alidhani, na Shazia akamwambia anajua. Hakusema anajua nini. Akamtazama miguu, akasema sasa ni arobaini kweli, viatu vya kaka vimempata mwenyewe. Dereva alikuwa anafunga turubai. Kimya akaona kwamba ana swali moja na muda wa swali moja.

Miaka ilipita baada ya hapo, na mengi hayakumwelea. Mwezi mmoja tu baadaye Tajiri wa Mwisho alifunikwa turubai, na alipofunuliwa alikuwa amezamishwa kwenye saruji mpaka magotini, hana miguu kabisa, na watoto wakaendelea kumzomea. Vikao vya kujirudi vilifutwa siku moja bila mtu kueleza kwa nini, na Jumamosi saa kumi watu hawakujua wakae wapi. Gunia alipelekwa jikoni, akanenepa, akaacha kuimba. Kimya alipopangiwa upya aliachwa palepale, akakaa kwenye cherehani ile ya karibu na mlango mpaka mvi zikamtoka, na kila alipoona mgeni anaingia alimtazama miguu kwanza. Alijiuliza mara nyingi kama siku ile Shazia, ambaye hakuwahi kukosea saizi ya mtu, alikosea ya kwake, akadhani lile la miguu ni la kati. Au alilijua ni kubwa na akalichagua kwa kuwa ni hilo pekee ambalo lingewafunika wenzake wote. Mara aliamini hili, mara lile. Mara alimkasirikia, bila kujua kwa haki gani. Barua moja aliandika akaichana, kwa kuwa hakujua aanze na jina lipi.

Swali lenyewe pale kwenye lori alilisema kwa sauti ndogo, injini ikiwa imeshawashwa, na ilibidi alirudie. Alimuuliza lile kosa la mwaka wa pili, la kumfikiria msichana saa za kazi, alilitunga wapi.

Shazia aliinama kidogo juu ya ubao wa lori ili asikike.

"Lile sikulitunga," alisema. "Lilikuwa langu. Nilibadilisha neno moja tu nikakupa wewe, maana wiki ile hukuwa na kitu."